Shibiri Moja ya Udongo

Mchanga wa wadi ndio uliotangulia.
Niliuzoa Al-Khodh, karibu na mkunazi,
ndoo mbili, mweupe, umechekechwa na mafuriko ya mwaka juzi.
Wadha akapiga makofi: "Jangwa la Mudiri!"
(Mudiri ni kobe wetu. Tulimpa jina hilo
kwa kuwa hufika kazini saa nne,
humtazama kila mtu, kisha hurudi kulala.)

Wiki haijaisha, jicho lake la kushoto likavimba.
Daktari wa wanyama akalisafisha kwa pamba,
akaniuliza, bila kunikaripia,
"Nani kakwambia huyu ni wa jangwani?"
Nikanyamaza. Hakuna aliyeniambia.
Niliona gamba, nikaona jua, nikajumlisha.

Basi nikaanza kuulizia udongo kama mtu anayeposa.
Randa za seremala Shafiqul, pale Mabela, zilinukia vizuri mno,
na kinachonukia hivyo, alisema daktari, humchoma kobe pumzi.
Kokoto? Angezimeza pamoja na majani,
zingemkaa tumboni kama deni.
Udongo wa bustani ya jirani ulishakula dawa na mbolea.
Ule wa shamba la shemeji, Barka, ulikuwa wa kijivu, mzito,
una vijizizi vya mtende na harufu ya falaji.
Huo nikauchukua.

Dukani nikauziwa tofali la makumbi,
limekandamizwa, limefungwa nailoni,
riali moja na baisa mia tano.
Mama alilishika, akaligeuza, akalinusa.
"Makumbi?"
"Makumbi, mama."
"Unanunua makumbi kwa pesa!"
Akacheka hadi ushungi ukamwangukia mabegani.
Kwao Wete waliyafukia pwani, kwenye matope, miezi,
wakayafukua yananuka, wakayaponda kwa magongo,
na hakuna aliyemwita mwenzake mteja.

Nikalitia beseni, nikalimwagia maji ya uvuguvugu.
Likaumuka. Likapanda hadi ukingoni.
Maji yakawa rangi ya chai ya rangi,
mama akachovya kidole, akaonja:
"Chumvi ingalimo. Suuza."
Nikasuuza mara tatu, kila mara akionja,
kila mara akikunja uso.

Kisha ikawa kazi ya mikono.
Mafungu mawili ya udongo, moja la makumbi,
mchanga wa wadi kiganja tu, usijione umetupwa.
Ukifumbata donge, lisitoe maji;
lishikane, na likiguswa kwa kidole, liachie.
La kwanza lilitona.
La pili likawa vumbi.
La tatu Wadha alilifumbata mwenyewe, akaligusa,
likafunguka pole pole kiganjani mwake
naye akasahau kufumba mdomo.

Shibiri moja kwenda chini: ya mkono wangu, siyo wake.
Pembe moja ina unyevu, chini ya kigae kilichovunjika,
pembe nyingine kavu, chini ya taa.
Nje nyuzi arubaini na sita. Ndani kiyoyozi kinakoroma.

Tulimweka baada ya alasiri.
Akaukanyaga kama mtu anayejaribu godoro la hoteli,
akatukodolea,
akapanda juu ya bakuli lake la maji, akakaa hapo.
Tukaenda kulala tumenuna.

Alfajiri hayupo.
Wadha alilia, akachungulia chini ya friji,
nyuma ya pazia, mpaka ndani ya viatu vyangu.
Halafu tukaona, chini ya kigae,
udongo umeinuka kidogo,
na unapumua.

Mama hakusema neno.
Alichukua makumbi yaliyobaki beseni, akaketi,
akayaviringisha juu ya paja, kiganja kikienda na kurudi,
kikikumbuka chenyewe.
Kamba ikafika urefu wa kidole, ikakatika.
Akaanza tena. Ikakatika.
"Wameyasaga mno," akasema.
"Nyuzi fupi hizi hazisokoteki."
Akakung'uta mikono juu ya sanduku la kobe,
akasawazisha kwa ubavu wa kiganja,
akauliza kama chai iko tayari.