Bei ya Viazi

Huku Punta Arenas, bara linapokwisha,
upepo wa Desemba hauombi njia.
Manispaa hufunga kamba kando ya uwanja,
nguzo hadi nguzo,
na watu wazima, na mikoba yao na heshima zao,
huzishika kama watoto wanaoanza dede.

Nélida hakuzishika.
Alifika kwangu saa tisa usiku
na kiatu kimoja,
na madaftari kumi na tisa ya wanafunzi wake kifuani,
hayajasahihishwa.
Ndiyo aliyoyawahi.

Nilimfungulia. Hilo naweza kulisema.
Lakini miezi mitatu kabla,
aliponionyesha mkono uliovilia damu,
nilisema nini?
Nilicheka. "Nyinyi wanawake wawili,
nani ampige nani?"
Akashusha mkono wa sweta,
akaniuliza bei ya viazi.

Maristela tulimpenda sote.
Ndiye aliyetupikia Ijumaa,
ndiye aliyebeba bendera kwenye maandamano
mpaka upepo ukamwangusha nayo, akainuka akicheka.
Tulikuwa wachache mjini, tukijuana kwa vishindo vya miguu.
Tukitoa yetu nje, tuliambiana,
watasema: si tulijua watu hawa?
Basi tukafunika chungu,
na kilichokuwa kikiungua ndani kilikuwa mtu.

"Ondoka," Maristela alimwambia, "nimpigie mama yako Chiloé.
Nimpigie na mkuu wa shule.
Nitawaambia unalala na nani."
Maneno hayo hayaachi alama ya kumwonyesha daktari.

Polisi aliandika: ugomvi wa wapangaji.
Aliuliza mara mbili, "Huyu ni dada yako?"
Nyumba ya hifadhi ilimpokea vizuri, wakampa kitanda cha dirishani.
Siku ya tatu Maristela akabisha hodi pale
na keki ya tufaha, na ile sauti yake ya taratibu:
"Mimi ni dada yake."
Na mlinzi, aliyefundishwa kuogopa wanaume tu,
akamfungulia.

Nikamrudisha kwenye kochi langu.
Nilikuwa na maswali gunia zima.
Kwa nini hukusema, kwa nini ulikaa,
kwa nini, kwa nini.
Isidro wa duka la dawa akanishika bega.
Yeye mumewe alimvunja mbavu mbili, miaka ile,
nasi tuliamini habari ya ngazi.
"Yaache hayo," akasema.
"Muulize anataka chai au kahawa.
Kisha ngoja ajibu."

Alichukua dakika nzima.
Nilisikia jokofu likinguruma.
"Kahawa," akasema, kama mtu anayekiri kosa.

Februari alirudi kwa Maristela.
Siku kumi na moja.
Nilitaka kubadilisha kitasa, nimfundishe adabu,
nikajisikia nikisema hivyo, kwa sauti,
jikoni peke yangu,
na sauti ilikuwa ya nani?
Nikaketi.
Baadaye nikaweka ufunguo chini ya kopo la mnanaa
nikamwandikia maneno matatu: upo pale pale.

Kamba ile haimburuti mtu.
Haimuulizi kwa nini alitoka siku ya upepo.

Alirudi Jumapili, mvua ikinyesha kwa ubavu.
Sikusema si nilikwambia.
Ulimi wangu ulikuwa nayo tayari, nikaumeza na mate.
Isidro alikuja na bisibisi,
tukahamisha kochi lisitazamane na mlango.

Bado kijiko kikianguka yeye husimama.
Bado huomba ruhusa kufungua dirisha.

Juzi nilikuwa namenya vitunguu.
Akasema, bila kunitazama,
"Viazi ni bei gani siku hizi?"
Nikaweka kisu chini. Nikafuta mikono.
"Nionyeshe," nikamwambia.

Akanikazia macho, kisha akacheka,
mara ya kwanza nyumbani kwangu.
"Hapana, Eduvina. Leo nauliza viazi."