Siku ya Kutembea na Deni

Jina lake Deni, na si la utani.
Kitsao wa Mijomboni aliniletea baiskeli
rimu imepinda, mnyororo umekatika.
Nikatengeneza, nikasema mia tatu.
Akasema, ngoja nifike nyumbani,
akamfunga mbwa kwenye mguu wa benchi langu
kama rehani.
Huu ni mwezi wa nne.

Ijumaa wateja haba. Nikafunga kibanda,
nikaviringisha mihogo miwili ya kuchoma kwenye gazeti,
maji chupa moja, kamba ya katani shingoni mwake,
ncha ya pili mkononi mwangu.
Tukatoka Gede kabla jua halijanoa makali.
Bi Mwanahamisi alikusanya buibui lake tulipopita,
akanisalimia mimi tu.
Sikumlaumu. Maji ya udhu ananunua kwa mtungi.
Muuza mkaa akauliza, wapi leo?
Namtembeza Deni.
Akacheka hadi gunia likamponyoka:
sisi wengine yetu hutukimbiza!

Langoni, askari Dzendere, kofia imelala upande,
akatutazama, akahesabu miguu: sita.
"Miwili iingie. Minne ibaki."
Nikamwambia ana adabu, hafukuzi hata kuku.
"Nakuamini. Ila paa hawajapata habari hizo."
Kisha, kwa sauti ya chini kidogo:
"Fuata uzio kwa nje. Msitu hauna kinyongo."

Basi tukatembea na msitu, si ndani ya msitu,
kama mtu anayezungumza na jirani juu ya ukuta.
Njia tambarare. Hakuna mlima wa kusimulia.
Mchanga mweupe, mirihi mirefu,
halafu ghafla udongo mwekundu
na miti mifupi iliyosongamana
kama watu kwenye foleni ya unga.
Vipepeo walivuka waya bila tikiti.
Upande ule, kinyesi cha ndovu, bado kinafuka.
Deni akalala kifudifudi, akainusa hewa
polepole, kwa heshima,
kama asomaye barua ya mtu mwingine.

Na hapo, sange:
kiuno cha dhahabu, pua ya mpelelezi,
akachomoza kwenye majani makavu, akasimama.
Kamba ikakaza.
Nikasikia kiganjani mwangu
mababu zake wote wa kuwinda
wakiinuka mara moja.
Alitetemeka. Hakubweka.
Sange akapiga mkia chini, mara mbili, tatu,
akaenda zake bila haraka.
Deni akageuka kunitazama:
umeona?
Nimeona.
Tangu Jumatatu hakuna aliyeniuliza kitu
kisichokuwa bei.

Tulikula chini ya mkorosho. Muhogo kwa muhogo,
ingawa wangu ndio uliokuwa na chumvi.
Mtoto mmoja, Ziro, mwenye mbuzi watano na fimbo ndefu kumpita,
akasimama mbali:
"Anauma?"
"Anakula."
Akafikiri. Akasogea hatua mbili. Zikamtosha.
Nilimtoa Deni kupe saba, nikiwahesabu kwa sauti,
na wa nane alikuwa mguuni kwangu.
Kisha tukalala. Sina la kusema kuhusu usingizi ule
ila kwamba simu iliita na sikuijua kuwa ni yangu.

Kurudi, kivuli chetu kilikuwa kimoja, kirefu,
miguu yake haihesabiki.
Dzendere alikuwa akifunga lango. Akainua kofia.
Sijui alimwinulia nani kati yetu.

Kibandani, mtu amekaa kwenye benchi langu.
Kitsao. Amekonda. Noti tatu mkononi,
zimekunjwa, zimekunjuliwa, zimekunjwa tena.
Alisema neno moja tu, "Nilichelewa,"
na mkia wa Deni ukapiga ardhi,
mara mbili, tatu.

Nikaifungua kamba.
Deni hakwenda kwake, hakuja kwangu.
Alikwenda kwenye karai la maji
ninamotafutia matundu ya mipira,
akanywa, akanywa, mapovu yakipanda,
nasi wawili tumesimama tukimtazama,
noti bado mkononi,
hakuna aliyetaka kutangulia kusema.