Shilingi ya Bi Mumbua

Bi Mumbua huuza viatu Gikomba,
na kila Ijumaa hesabu ya chama chake hupungua shilingi.
Moja tu. Si mbili, si hamsini.
Alipiga simu mara tatu. Ya nne
alipanda mwenyewe ngazi hadi ofisini kwetu, Ngara,
na daftari, kalamu imefungwa kwa uzi:
"Mashine yenu inasema hivi. Mimi nasema hivi."

Nikajumlisha. Daftari lilikuwa sahihi.

Tangu Februari, programu ilipokuwa bado na akili zake,
tumeigusa mara mia tano na kumi na mbili.
Nani atazisoma zote?
Naikata miezi katikati, kama mkate,
nairudisha programu ilivyokuwa siku ile ya kati,
naipa hesabu za Bi Mumbua, nasubiri.
Shilingi ipo. Basi kosa liko mbele.
Naikata nusu iliyobaki.
Shilingi haipo. Liko nyuma.

Mia na ishirini na nane.
Nje wanafunga maduka ya vipuri, mabati yanalia.
Sitini na nne. Mvua. Umeme unapepesa, unakaa.
Thelathini na mbili: hii haiwaki kabisa,
hainiambii ndiyo wala la.
Nairuka, namuuliza jirani yake.
Bi Mumbua hajaondoka. Amevua viatu,
anahesabu nami kwa vidole: "Bado ngapi?"
Nne. Mbili.

Moja.

Mstari mmoja, umepandishwa juu ya mwenzake:
zamani tuligawa, ndipo tukaondoa senti;
sasa tunaondoa senti, ndipo tunagawa.
Aliyeupandisha ni Otwori, aliyekwenda zake Juni,
na maelezo aliyoacha ni neno moja: "Nimesafisha."
Nikacheka. Nikashika simu nimpigie.
Kisha macho yakateremka chini ya jina lake,
palipoandikwa nani alikagua, akakubali.

Ijumaa, saa kumi na moja na dakika mbili jioni.
Naikumbuka. Begi lilikuwa tayari mgongoni.
"Sawa," niliandika, nikazima taa.
Wahenga walishatuambia pa kutafuta: nguoni.

"Umempata?"
Nikamgeuzia skrini.
Msimbo hausomi, lakini majina anasoma.
Alisoma langu polepole, kama anayepima mguu wa mteja,
akafungua daftari, akahesabu Ijumaa kwa ncha ya kalamu:
kumi na tisa.
Akanyosha mkono.

Nikampa ishirini.
Akanirudishia moja.