Nsansa ya Ng'ambo

Kopo limekaa juu ya kabati tangu Pasaka,
dogo, kama la dawa ya kikohozi,
maandishi yake yamesimama wima kama njiti.
Masalu alimpa mtu aliyekuwa anashukia Dar,
likapanda basi, likafika Bugarika limebonyea ubavu.
Ndani: unga wa kijani, laini kuliko poda ya mtoto.

Mama alichota kwa kidole, akalamba, akakunja uso.
"Nsansa hii. Wameitwanga mno."
Nikamwambia ni majani ya chai, yanaitwa macha.
"Macha," akasema, "au kumekucha?"
Akacheka peke yake, akalifunika kopo
kama anayefunika mboga ya mgeni aliyechelewa.

Leo nimetoka kivukoni, mikono inanuka sarafu.
Usingizi umenikataa. Umeme ndio kwanza umerudi,
na barafu niliyogandisha tangu asubuhi imekuwa maji.
Basi tutaikunywa ya moto.

Ujumbe wa Masalu ninao kwenye simu:
Chekecha kwanza, usimwage tu kama kahawa.
Kijiko kimoja cha chai, tena cha kupima, si cha kwenu.
Maji yasitokote, yakitokota inakuwa chungu.
Halafu kuna ufagio wao mdogo wa mwanzi,
lakini wewe tumia upekecho wa baba.

Sijui kama anajua upekecho umebaki meno matatu.
La nne lilivunjika siku ya matanga,
mlenda wa watu wengi, mikono ya watu wengi.

Nikachekecha kwa chujio lenye kutu pembeni.
Vumbi likatua bakulini polepole,
kama ule utando wa kijani kule Igombe
siku ambazo ziwa halina upepo.
Nikatia maji, funda moja tu, nikapekecha.
Si kwa kuzungusha, alisema. Kwenda na kurudi.
Kwenda na kurudi, kama kazi yangu,
Kamanga, Mwanza, Kamanga, Mwanza,
mpaka mabonge yakachoka kubishana
na povu likapanda,
rangi ya majani ya kunde kabla jua halijayaona.

Maziwa ni ya Luhende, yanakuja kwa baiskeli kutoka Kisesa.
Nikayapasha, nikaengua malai, sukari vijiko viwili,
kisha cha tatu kwa ajili ya mama.
Nikamimina kijani juu ya weupe.
Hakikuchanganyika mara moja. Kilishuka kwa mikanda,
kama moshi uliokosea njia.

Mama amepokea kikombe cha bati,
kiganja juu yake, maana wadudu wa ziwa wamejaa kwenye taa.
Amefumba macho. Amemeza.
Nasubiri aseme nsansa,
aseme dawa ya minyoo,
aseme nimpe majani ya kawaida tulale.

"Ndiyo anayokunywa huko?"
"Kila asubuhi."
"Na sukari anaweka nani?"
"Hawaweki, mama."

Anakunywa tena, taratibu,
kama anayeonyeshwa njia ya nyumba
ambayo miguu yake haitafika.
"Basi kesho na mimi usiniwekee."

Anachukua tobolwa la jioni, anachovya, anatafuna.
Limemeza kijani hadi moyoni; anasema linafaa.
Hilo nitamwandikia Masalu, kwamba linafaa,
kwamba huko kwao bado hawajagundua.

Nje mawe yangali na joto la mchana.
Mtu anapanda ngazi za mlimani na ndoo, namsikia akihema.
"Kwake saa hizi ni saa ngapi?"
Nahesabu kwa vidole: hapa saa sita za usiku, ongeza sita.
"Kumekucha," nasema.

"Si nilikwambia,"
anasema mama, na kidole chake
kinakomba kijani kilichogoma chini ya kikombe.