Mchicha wa Marianna

Saa kumi na mbili asubuhi, Arkansas.
Umande wa soya umenilowesha mpaka magotini.
Tackett ananikabidhi glavu na gunia
kama mtu anayenituma msibani.

"Usibakize hata mmoja."

Namtazama huyo adui: shina jekundu,
kikonyo kirefu kupita jani lenyewe,
nami kicheko kinanitoka.
Bwana we, huu si mchicha?
Mama kanisomesha kwa huu, fungu kwa fungu,
soko la Mawenzi, Morogoro,
akiunyunyizia maji usinyauke kabla ya jioni.

Hacheki. Anakunja vidole kuhesabu
dawa alizopiga tangu Verna, mkewe, yu hai.
Ya kwanza iliua yote, ila mmoja.
Huo mmoja ukazaa.
Ya pili ikaua wana, ikasaza wajukuu.
Ya tatu. Ya nne, ile iliyopeperuka
ikakausha nyanya za jirani
hata leo hawasalimiani kanisani.

Sikio la kufa halisikii dawa, nilifunzwa.
Hili halisikii, na halifi.

Basi tumerudi kwenye mikono.
Trekta inayoongozwa na satelaiti imelala bandani,
nasi sita tumeinama, migongo juani:
Eusebio na shemeji zake watatu,
Cordell aliyeacha chuo, na mimi.

Ng'oa na mzizi. Usiutupe chini,
ukilamba unyevu kesho utasimama tena.
Mche jike nikiufikicha kiganjani
unamwaga mbegu nyeusi, laini, kama baruti.
Shina moja, nusu milioni, anasema Tackett,
kwa sauti ya mtu anayetaja deni.

Adhuhuri nachuma ncha tatu changa,
nazitia mfukoni. Mazoea ya mkono.
Eusebio anatikisa kichwa:
hizo zimekunywa kila kitu.
Nazitoa. Nazirudisha guniani kwa wenzao.

Upande wa mtoni vuli iliyopita alipanda shayiri,
masika akailaza chini ikawa mkeka,
udongo usipate kuliona jua.
Huko nimeng'oa minane tu, mstari mzima.
Nilimwambia. Akavua kofia, akaivaa.

Jioni, tukichoma magunia,
akauliza bila kunitazama:
"Kwenu mnaumalizaje?"

Moshi ulinukia jikoni kwa mama.

Tunaula, nikasema.
Haujapata kututosha.