Ya Kati

Niliinunua kwa daktari wa mifugo aliyekuwa akirudi kwao,
pamoja na makwaruzo yake, stika ya ziwa nisilolijua,
na ufunguo mmoja. Wa akiba, alisema, ulimezwa na ndama
huko Simanjiro. Sikumwamini. Nikalipa.

Injini ya mia nne. Kijiweni Kiboriloni
waliizunguka kama wakaguao maksai mnadani.
"Dada Aikande, inakunywa ngapi?"
"Inabeba mikungu mingapi?"
"Kwa bei hii si ungepata bodaboda tatu,
ukae nyumbani upokee hesabu?"

Sikuwa na jibu. Kubwa za watalii hupita zikinguruma,
masanduku ya bati ubavuni kama nyumbu aliyehama na kabati.
Ndogo zao hupenya mpaka shinani mwa mgomba.
Yangu ni ya kati.
Nami kwetu ni wa tatu kati ya watano,
niliyerithi viatu vya dada na kuvikabidhi kwa mdogo wangu vikiwa vizima.
Kukaa katikati nimekuzoea.

Nikiikalia, ni ncha za vidole tu zinazogusa ardhi.
Wiki ya kwanza niliiangusha mara tatu:
getini, sheli, na mbele ya kanisa ibada ikitoka.
Hiyo ya mwisho ndiyo iliyohesabiwa.
Mama hakucheka. "Ng'ombe mrefu," alisema,
"hupunguzwi yeye, huongezwa kigoda."

Fundi Ndekirwa wa Majengo alifanya kinyume.
Akachonga sponji ya kiti kwa kisu cha mkate,
akalegeza cheni kidogo, akaegemeza bisibisi kwenye injini
na mpini sikioni, macho amefumba,
kama ninavyoinamia hadubini kazini kusaka malaria.
"Huyu hana ugonjwa," akasema. "Ana upweke. Mtembeze."

Jumamosi moja ya Juni nikauzunguka Mlima.
Boma Ng'ombe, Sanya Juu, baridi ikiingia kwenye mikono ya koti.
Mbele kidogo nikaiacha lami, wala hakuna aliyenilazimisha,
nikasimama juu ya vikanyagio, magoti yakibana tangi,
changarawe ikigonga chini kama mahindi yanayokaangwa.
Mlima ulikuwa kulia kwangu siku nzima,
upande wa mkono wa mafuta.

Kwetu Moshi tunaujua kwa uso: Kibo juu, Mawenzi pembeni,
kama ulivyo kwenye kalenda za benki.
Huku nyuma una bega jingine, hauna haraka,
kama kumwona mama yako amegeuka akifunga kanga,
hajui kwamba unamtazama.

Nilikuwa namtazama.
Tairi la mbele likazama kwenye vumbi laini kama unga wa ulezi.
Sikusikia kishindo. Niliona anga,
nikanusa petroli, kisha kimya.
Kilo mia na themanini, zimelala kwenye ukingo wa shamba la viazi.

Nikazima. Nikafungua mabegi moja moja.
Kisha kama alivyonifundisha Ndekirwa: ipe mgongo,
chuchumaa, mkono mmoja usukani, mwingine chini ya kiti,
acha mapaja yafanye kazi.
Majani ya ng'ombe nimeyabeba tangu darasa la pili.
Ikanyanyuka.

Kijana mwenye jembe, aliyekuwa anakimbia kuja kunisaidia,
akasimama katikati ya matuta,
akageuka kama mtu aliyekumbuka kitu.

Tarakea, chai na andazi la jana. Mkuu. Mwika,
watoto wakipunga mikono yote miwili. Himo, malori.
Kijiweni taa zimewashwa, na wao ni wale wale:
"Imekunywa ngapi?"
"Lita kumi na moja," nikasema, "na kioo kimoja."

Mama akaifuta vumbi tangini kwa kiganja, akakinusa.
Akauliza kama huko nyuma ya Mlima
nao wana migomba.
"Viazi," nikamwambia. "Viazi vitupu."
Akawasikitikia.