Kisicho na Ncha

Kibuye, saa nane. Jua limenikalia begani kama mdai
nami nimepakata sufu.
Akeyo wa viatu anacheka hadi anashika nguzo ya kibanda:
"Wee, unamfumia nani? Jiko?"

Namfumia mjomba Ngatia wa Elburgon,
kule maji ya kuku huamka yamevaa ngozi ya barafu
na wazee hukohoa kwanza, ndipo wasalimiane.

Sufu niliipata hapa hapa, rundo la hamsini hamsini:
sweta la rangi ya ugoro, kiwiko kimetoboka,
kolani jina la mtu nisiyemjua.
Nililifumua siku tatu, usiku, stima ikipotea na kurudi.
Uzi ukatoka umejikunja kunja,
umekataa kusahau mwili wa kwanza.
Nikauosha, nikauanika, nikauning'inizia jiwe
hadi ukanyooka. Kidogo.

Sindano ni spoki nne za baiskeli.
Fundi Obura alizinoa kwenye saruji
akaniuliza mara mbili kama kuna mtu nataka kumdunga.

Mjomba havai skafu. Hilo lielewe kwanza.
Krismasi moja nilimpelekea, nyekundu, ndefu,
akaitazama kama aliyepakuliwa nyoka,
kisha akamfungia nayo ndama mwenye homa.
Nilinuna siku mbili.
Siku ya tatu mkewe, akimenya viazi, macho hayainui:
"Enzi za kiwanda cha mbao
Wepukhulu alikuja kazini na skafu.
Mkanda wa mashine uliiona ncha yake kabla yeye hajauona mkanda."
Ganda la kiazi likashuka, refu, halikatiki.
"Mjomba wako ndiye aliyezima."

Basi ndiyo maana nafuma kwa kuzunguka.
Kitu cha kuvuliwa kichwani kama sufuria,
kisicho na pa kushikwa, kisicho na mkia.

Lugha nayo haina huruma:
kila jicho la uzi jina lake kitanzi.
Vitanzi mia moja na nane, nimevihesabu,
kwa shingo ya mtu yule!
Ningalijua neno jingine ningalilitumia.
Mteja anauliza bei ya blauzi,
namjibu, "Thelathini na saba."
"Shilingi?" Tayari ameshafungua pochi.

Kikiniponyoka kimoja narudi safu nzima.
Mapaja yanawasha, jasho linaingia machoni,
na katikati ya Kisumu hii inayochemka
nafikia mahali ambapo vidole vinajua baridi
na mimi mwenyewe nimesahau.

Nilimpelekea mwezi wa saba.
Hakusema asante. Alikizungusha mikononi,
akakizungusha tena, polepole,
kama anayetafuta mlango kwenye ukuta wa mtu.
Akakivaa. Akapenyeza vidole vinne kati ya sufu na koo,
akapima. Akakivua. Akakivaa. Akakivua.
"Kinatoka," akasema. Si kwangu.

Sasa niseme uongo wangu.
Hakuna mfumo usio na ncha.
Zipo mbili: ya kuanzia na ya kumalizia.
Nilizizika ndani kwa sindano ya magunia,
nikazipitisha chini ya safu, huku na huku,
na nikamwambia hazipo.

Kidole gumba chake kilifika pale. Kikasimama.
Palikuwa na kigumba kidogo, kama punje ya mtama.
Nikasikia kuni zikijipanga upya jikoni.
"Hapa ndipo ulipofungia?"
"Ndiyo, mjomba."
"Umekaza?"
"Nimekaza."

Akakizungusha hadi punje ikakaa nyuma, kisogoni,
akachukua ndoo, akatoka kwenye ukungu kukamua,
kidevu kimezama kwenye sweta la mtu nisiyemjua.